Apdeti Ijayo Itamlinda Nani? Maswali Kutoka Fukayosi

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, na kwa waliouliza nimepotelea wapi, jibu ni kwamba nilikuwa nyumbani, Fukayosi. Kwa msiopajua: shika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, vuka Mto Ruvu, na kabla hujafika Kiwangwa kwa wenye mananasi yao utakuta vibanda, bodaboda zimejipanga, mabango ya mawakala wa pesa za simu ya kila rangi, na watu wanaosubiri gari. Basi hapo ndipo.

Nilikwenda kumuona shangazi yangu. Nilichokikuta huko ndicho kimenifanya leo niandike juu ya jambo ambalo kwa kawaida nawaachia vijana wa Kariakoo: mifumo ya simu, yaani hiyo Android na iOS, na mambo mapya tunayoahidiwa kila mwaka.

Kisa chenyewe kiko hivi. Shangazi ana simu janja ambayo nilimpa mimi mwenyewe nilipobadilisha yangu. Siku hiyo asubuhi alikuwa ameuza mananasi na mnunuzi kamlipa kwa simu. Mwanawe aliyeko Mbezi alikuwa amemwambia jana yake kwamba atamtumia namba ya fundi wa bati ili amlipe. Saa nne ikaingia meseji kutoka namba asiyoijua: ile hela itume kwenye namba hii, yangu inasumbua, jina litakuja la fulani. Shangazi hakuwa na shaka hata chembe. Hela ilikuwepo, fundi alikuwa anasubiriwa, na meseji imesema "ile hela". Akaingia kwenye menyu, akaandika namba, jina likaja kama alivyoambiwa, akaweka namba ya siri. Shilingi 240,000. Jioni mwanawe akapiga simu kumpa namba ya fundi.

Walipowapigia huduma kwa wateja wa mtandao wake (sitautaja), wakaambiwa hela imeshatolewa kwa wakala, mbali kabisa na Pwani.

Nilipofika nilimkuta barazani, kajiinamia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunicheka?"

"Sijaja kukucheka, shangazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Simu hii ulisema ina akili. Mbona haikuniambia kitu?"

Ndugu zangu, nimelibeba swali hilo kutoka Fukayosi mpaka mjini. Nadhani ndilo swali ambalo sisi watumiaji wa Kiswahili tunapaswa kuliuliza kila wanapokuja kututangazia toleo jipya. Si rangi gani imeongezwa. Itamlinda nani?

MESEJI ISIYO NA HADITHI

Kwanza tuelewane kuhusu huyu mwizi, maana wengi wetu tunamdharau. Tunasema "ah, meseji ya ile hela, nani bado anatapeliwa na hiyo?" Wanatapeliwa wengi, na si wajinga.

Tazama jinsi ilivyotengenezwa. Haina jina lako. Haina jina lake. Haina hadithi. Haikuahidi utajiri kama ile ya Freemason, wala haikutishi kama ile ya "mwanao kaanguka shuleni, tuma hela ya matibabu". Inatumwa kwa watu wengi kwa mpigo, na kazi yake ni kumtafuta mmoja tu ambaye saa hiyo hiyo anasubiri kumtumia mtu hela. Katika nchi ambayo kodi ya chumba, ada, mbolea, mchango wa harusi na rambirambi vyote vinapita kwenye simu, huyo mmoja hakosekani. Kila mtu ana "ile hela" yake kichwani. Mwizi anaacha pengo, wewe mwenyewe unalijaza.

Kuna ujanja wa pili, mkubwa zaidi. Mitandao yetu iliweka kinga moja nzuri sana: kabla hujaweka namba ya siri, inakuonyesha jina la mpokeaji. Sasa mwizi anakwambia mapema: "jina litakuja la fulani". Likitokea jina usilolijua, badala ya kushtuka unatulia. Yaani kinga imegeuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Ile alama iliyowekwa ikuzuie ndiyo inayokuruhusu upite.

Na ujanja wa tatu si wake, ni mazoea yetu. Hivi ni mara ngapi ndugu yako wa kweli amekwambia "usitume kwangu, nina deni la mkopo wa simu, wataikata, tuma kwa namba ya mke wangu"? Mimi nimetuma hivyo mara nyingi. Meseji ya mwizi na meseji ya ndugu mwema zinafanana kama mapacha. Hili ninaomba mlishike, nitalirudia.

WAKUBWA WAMELETA NINI?

Nisiwe mwizi wa fadhila. Watengenezaji wa mifumo ya simu wamelisikia tatizo la utapeli, na si kwetu tu. Wazee wa Marekani na Uingereza nao wanalizwa kila siku.

Machi 2025 Google walitangaza kinga kwenye programu yao ya meseji: akili mnemba iliyomo ndani ya simu inasoma mazungumzo na mtu usiyemjua, na ikiona yanaelekea kwenye utapeli inakuonya. Ni kitu kizuri, na kinafanya kazi ndani ya simu yenyewe bila kupeleka meseji zako nje. Lakini ilipoanza ilianza kwa Kiingereza, na kwa watu wa Marekani, Uingereza na Kanada.

Mei 2025, wakijiandaa kutoa Android 16, iliyotoka Juni mwaka huo, wakaongeza nyingine. Ukiwa hewani na mtu ambaye hayumo kwenye majina uliyohifadhi, simu inakuzuia kufanya mambo fulani ya hatari: kuzima ulinzi wake, kuingiza kwa mara ya kwanza programu kutoka nje ya duka rasmi, au kuipa programu ruhusa ya kuendesha kioo chako. Wamegundua kwamba tapeli anapenda kukuelekeza huku mnaongea.

Apple nao, kwenye iOS 26 ya Septemba 2025, pamoja na ule muonekano wao mpya wa kioo uliozungumzwa sana, waliweka kitu chenye maana zaidi: simu ikipigwa na namba ngeni inaweza kuipokea kwanza yenyewe, ikamuuliza mpigaji ni nani na anataka nini, halafu ndiyo ikuletee wewe uamue.

Ukiyasoma yote hayo unasema, haya ndiyo maendeleo. Mpaka uyapeleke Fukayosi.

KUFULI KWENYE MLANGO WA JIRANI

Tuchukue hiyo kinga ya pili, ya kukuzuia usiingize programu ngeni ukiwa hewani. Mwizi wa shangazi hakumwambia aingize programu yoyote. Hana haja nayo. Yeye anatumia nyota na reli, menyu ile ile inayofanya kazi kwenye kitochi cha tochi na kwenye simu ya milioni tatu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kwetu 2008, na nguvu yake tangu siku ile ni kwamba haihitaji simu janja wala bando. Ukiminya menyu hiyo, simu yako inaonyesha kisanduku cha maandishi tu. Hesabu zote, majina yote na maamuzi yote yako kwenye mitambo ya mtandao. Mfumo wa simu unabaki kama kondakta aliyelala: abiria wanapanda na kushuka, yeye hana habari.

Kwa hiyo kufuli zuri limefungwa kwenye mlango ambao mwizi wetu hapiti.

Tuchukue ile ya kwanza, ya kusoma meseji. Hii ndiyo ingemfaa shangazi. Hapa kuna vikwazo viwili.

Cha kwanza ni lugha. Msije mkaniambia Kiswahili ni kigumu kwa mashine. Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka 2004, na mwaka huo huo Microsoft wakatangaza kuleta Windows kwa Kiswahili. Google Translate ikapokea Kiswahili 2009. Agosti 2017 Google wakaanza kutambua sauti ya Kiswahili, ukaweza kusema na simu ikaandika. Julai 2023 ile Bard yao, ambayo leo inaitwa Gemini, ikaanza kujibu kwa Kiswahili. Android yenyewe ina menyu za Kiswahili kwa miaka mingi sasa. Wanakijua! Kuuza wanauza kwa Kiswahili, kutafsiri wanatafsiri. Linapokuja suala la kulinda, tunawekwa mwisho wa foleni.

Cha pili ni umri na nguvu ya simu. Akili mnemba inayokaa ndani ya simu inataka kumbukumbu kubwa na chipu mpya. Simu ya shangazi ilipata apdeti ya mwisho kabla hata sijampa. Na simu nyingi mpya zinazouzwa kwa laki mbili na kidogo hazina ubavu wa kubeba mzigo huo. Google waliliona hilo tangu 2017 walipoleta Android Go, toleo jepesi la simu zenye kumbukumbu ndogo. Ni wazo zuri, lakini linaendana na desturi moja mbaya: simu ndogo inapunguziwa mapambo, na kinga nazo zinapunguzwa humo humo.

Jumlisha: anayelindwa zaidi ni mwenye simu mpya, ya bei, anayetapeliwa kwa Kiingereza. Anayelindwa kidogo ni mama wa Fukayosi ambaye 240,000 ni msimu mzima wa jasho.

SIMU INAYOKUFA IKIWA HAI

Kuna jambo la uhai wa simu ambalo huwa hatulisemi. Kwetu simu haitupwi. Inatoka kwa kaka wa mjini inakwenda kwa shangazi, ikitoka kwa shangazi inakwenda kwa mjukuu wa kidato cha pili, ikivunjika kioo inakuwa redio. Lakini mfumo wake ulishaachwa na wenyewe zamani.

Mnaikumbuka Smart Kitochi? Vodacom Tanzania waliileta 2019, simu ya vibonyezo yenye mfumo wa KaiOS, ya bei ya chini, na watu wengi waliifurahia hasa kwa sababu ya WhatsApp. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS, na waliokuwa nayo wakaambiwa itaishia mwanzoni mwa 2025. Januari 2025 hiyo hiyo, simu za Android zilizobaki kwenye toleo la 4 nazo zikakatwa. Chaji inashika, kioo kizima, laini inasoma, lakini simu imeshafiwa na mfumo.

Wenzetu wamekataa. Kuanzia Juni 20, 2025 Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji watoe apdeti za mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuuza aina hiyo ya simu. Samsung na Google walishaanza kuahidi miaka saba, lakini kwa simu zao za juu. Ile ya laki mbili haina ahadi hata ya maandishi.

Mtaniambia sisi ni masikini, hatuna nguvu ya kumlazimisha mtu. Sikubali. Juni 2016 TCRA walizima simu bandia nchi nzima. Mtu aliamka asubuhi simu yake haishiki mtandao. Kelele zilipigwa, lakini zilizimwa. Kumbe serikali inaweza kusema simu gani iishi na ipi ife. Kama inaweza kuuliza "hii ni halisi au feki?", inashindwaje kuuliza "hii itapata kinga miaka mingapi, na kinga yenyewe inajua Kiswahili?"

Kuna vile vishikwambi pia. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vikagawiwa walimu nchi nzima. Huku kwetu nimewaona walimu wakivitumia kuandalia masomo, na nawapongeza. Lakini fikiria nguvu aliyonayo mnunuzi anayenunua vishikwambi kwa mpigo kiasi cha kuhesabia nchi nzima! Mnunuzi wa namna hiyo anaweza kuandika kwenye mkataba: apdeti za usalama miaka mitano, sauti ya Kiswahili iliyo safi, na maonyo yote kwa lugha ya mtumiaji. Anayenunua kimoja dukani hasikilizwi. Anayenunua shehena anasikilizwa.

Kwenye bei nako tuliyumba. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, asilimia 18 ikarudi. Mwaka mmoja! Watu waendelee kushikilia simu kuukuu, na simu kuukuu ndiyo isiyo na kinga.

MATUMAINI YANGU MATATU

Sasa mniulize, wewe unataka nini kwenye apdeti ijayo? Sitaki simu inayopika ugali. Nataka vitu vitatu.

La kwanza, onyo jepesi kwa Kiswahili. Na hapa narudi kwenye wale mapacha. Nimesema meseji ya mwizi na ya ndugu mwema zinafanana, kwa hiyo hata akili mnemba kubwa inaweza kukosea, ikamzuia mtoto wa kweli anayeomba nauli. Basi isizuie. Ionye tu. Na onyo hilo halihitaji akili nyingi. Simu inajua namba iliyotuma meseji haimo kwenye majina yako. Inaona ndani ya meseji kuna namba nyingine ya simu. Inaona kuna neno "hela" au "tuma" au "jina litakuja". Mambo matatu tu. Hata simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuyahesabu bila bando na bila kupeleka meseji zangu popote. Halafu iandike kwa maandishi makubwa, na isome kwa sauti kwa asiyeona vizuri: "Huyu humjui. Mpigie kwanza unayedhani ni yeye, kwa namba yake ya siku zote."

Habari njema ni kwamba kitu kama hicho kinaweza kukaa kwenye programu ya meseji, si kwenye moyo wa mfumo. Programu hupata apdeti kutoka dukani hata kwenye simu ambayo mtengenezaji wake ameshaisahau. Yaani simu ya shangazi, kuukuu hivyo hivyo, ingeweza kuipata. Ni suala la mtu kuamua.

La pili, mfumo na mtandao viongee. Simu inajua meseji ya ugeni imeingia dakika tano zilizopita. Mtandao unajua hujawahi kumtumia mpokeaji huyu hata senti. Kila mmoja ana nusu ya habari. Hawajakaa pamoja. Wakikubaliana kuuliza swali moja tu pale kabla ya namba ya siri, "Hujawahi kumtumia mtu huyu. Umeongea naye kwa sauti?", wengi wangesita. Mwizi anategemea haraka yako. Sekunde kumi za kusita zinamuua njaa.

La tatu, sauti zetu ziwemo. Mama zetu wengi wanaongea na simu kuliko kuiandikia. Mozilla wana mradi wao wa Common Voice ambapo watu hujitolea kurekodi sauti zao, na Kiswahili kimo. Tukiwaachia watu wachache warekodi, simu itajua Kiswahili cha studio tu, haitamjua Mkwere wa Fukayosi wala kijana wa Mbagala. Na wezi hawaongei Kiswahili cha studio. Hapa TATAKI pale Chuo Kikuu na BAKITA wana kazi ya kufanya zaidi ya kutuletea istilahi.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Kuna mdau ataandika: "Tatizo si simu, ni elimu." Kweli, kwa sehemu. TCRA wanafanya kampeni, wametupa namba 15040 ya kutumia namba ya tapeli, wametupa *106# ya kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na wanatukumbusha kila siku kwamba huduma kwa wateja wa kweli anapiga kwa namba 100 tu. Hayo yote ni mazuri na naomba mwafundishe wazazi wenu leo hii. Lakini elimu iko kichwani na haraka iko mkononi. Shangazi alizijua meseji hizo! Alishamuonya jirani yake mwenyewe. Siku hiyo ilimkuta anasubiri namba. Gari lina breki pamoja na kwamba dereva amesoma udereva.

Mwingine atasema: "Unataka simu isome meseji zetu? Huoni hatari?" Naiona sana. Ndiyo maana nasisitiza kazi ifanyike ndani ya simu na isitoke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Wakati wa kuitumia ni sasa, kabla kinga haijaja, si baada. Mlinzi ninayemtaka analinda mlango. Sijamkaribisha kwenye mazungumzo ya sebuleni.

Na wa tatu, huyu namjua, atasema: "Jifunzeni Kiingereza." Kaka, hata akijifunza, mwizi hatamwandikia kwa Kiingereza. Onyo linatakiwa lijue lugha ya mwizi. Ndiyo maana hili si suala la heshima ya lugha peke yake, ingawa UNESCO walitupa Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani hapo 2021, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Tulipiga makofi na tulistahili. Ila makofi hayarudishi 240,000.

JIBU LA SHANGAZI

Kabla sijaondoka nilikaa na simu yake nusu siku. Nikaiweka menyu zote kwa Kiswahili, nikakuza maandishi, nikahifadhi namba za watu wake kwa majina anayowaita yeye, si yale ya kwenye vitambulisho. Nikaweka picha ya mwanawe kwenye namba yake, ili akipiga sura itokee. Kisha tukakubaliana sheria moja ya nyumbani: hela haitoki kwa meseji, inatoka kwa sauti. Hata mimi nikiandika, apige kwanza asikie nakohoa.

Akaijaribu papo hapo. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamtumia kwa laini yangu ya pili: "ile hela tuma huku." Dakika moja baadaye simu yangu ya kwanza ikaita. "Wewe, ni wewe uliyeniandikia huko nyuma?" Tukacheka wote, kicheko cha kwanza tangu nifike.

Kwa hiyo kinga ya Fukayosi kwa sasa ni shangazi mwenyewe, na sheria ya kijiji. Inafanya kazi. Lakini si haki kwamba mtu aliyenunua, au kupewa, kifaa kinachotangazwa kuwa na akili kuliko sisi, ndiye awe anakilinda hicho kifaa kisimuibie. Alipaswa kulindwa yeye.

Watakapotoka tena jukwaani na matoleo yao mapya, mimi sitauliza kamera ina macho mangapi. Nitauliza lile swali la barazani: itamwambia kitu shangazi, au itanyamaza tena?

Wadau, wale ambao mmewahi kupata meseji hizi, au mnafanya kazi kwenye mitandao na mnajua kwa nini hilo swali la kabla ya namba ya siri haliwezekani, mwagikeni hapo chini. Wakala wa Fukayosi unayenisoma, nawe sema unayoyaona dirishani kwako. Naomba kuwasilisha.